Gundi Isiyoshika

Mlima uliguna.

Haikuwa radi wala ngurumo. Ulikuwa mguno mfupi, wa chini kwa chini, kama wa mzee aliyeamshwa kabla ya saa yake, na theluji yote waliyosimama juu yake ikashuka upana wa kidole. Zenzi aliinua fimbo yake ya skii juu. "Simama hapo hapo, dada. Usitikisike."

Burgi hakutikisika. Alikuwa amepiga kona chache tu tangu waanze kuteremka, na kila kona alipiga kelele za furaha, mwanamke mzima wa miaka arobaini na ushee, kwa sababu upande huu hakuna aliyeukanyaga na aliufikia kwa jasho lake mwenyewe.

"Ndiyo dalili ya poromoko?" aliuliza.

"Ndiyo yenyewe. Upepo wa jana umelundika gamba hapa, na chini ya gamba theluji ni kama sukari, haishiki. Hatushuki tena hata hatua. Tunarudi juu, tunashukia upande tuliopandia. Mmoja mmoja."

"Si ulisema huku ni salama?"

"Nilisema. Nilikosea. Utanipiga tukifika nyumbani."

Ndivyo alivyo Zenzi. Mdogo wa kuzaliwa, mkubwa wa milima. Tangu usichana wake alikuwa akipanda kwa miguu na kuteleza chini, huku dada yake akisimama kijijini kwenye lifti ya kuburuta wenye skii kupanda kilima, akiwawekea watoto wa watu ile fimbo ya lifti nyuma ya makalio, mmoja baada ya mwingine, mpaka jioni. Miaka yote hiyo Burgi aliwapeleka wengine juu. Msimu huu mvua ilikula theluji ya kijijini, lifti ikafungwa, naye akabaki jikoni akisugua sufuria zilizokwisha kung'aa, mpaka Zenzi akamletea skii za kuazima. "Acha kuozea ndani, wewe! Nitakufundisha kupanda."

Na kupanda kwenyewe ni ngozi. Wanaziita ngozi, ingawa siku hizi ni mikanda mirefu ya manyoya ya kiwandani. Unaibandika chini ya skii kwa gundi yake; manyoya yanateleza ukienda mbele, yanagoma ukirudi nyuma. Kileleni unaibandua, unaikunja, unaitia ndani ya koti, tumboni, ili gundi isigande. Hilo hata mtoto mdogo wa bonde lile analijua.

Zenzi alikwisha kuzitoa zake zikiwa na joto bado, akazibandika. "Haya, zako."

Burgi alivua begi mgongoni taratibu, akapenyeza mkono. Ngozi zilitoka zimekakamaa kama samaki mkavu, upande wa gundi umejaa chembe za barafu. Alizikandamiza kwenye skii. Zikaanguka. Akazifuta kwa mkono wa koti, akazikandamiza tena kwa nguvu zake zote. Zikaanguka tena.

"Dada." Sauti ya Zenzi ilibadilika. "Mbona ziko kwenye begi?"

"Nilisahau."

"Ulisahau nini? Nilikuona kwa macho yangu ukizitia ndani ya koti!"

"Basi nilizitoa."

"Ukazitoa! Yesu na Maria, ukazitoa!"

Bila ngozi ilikuwa ni kwenda kwa mabuti matupu, na mwenye mabuti anazama mpaka mapajani, kila hatua analichoma lile gamba. Likikatika, linashuka lote na waliomo mpaka korongoni. Kila mmoja alikuwa na kifaa kifuani cha kumwonyesha mwenzake pa kuchimba. Lakini hicho kinafaa tu iwapo mwenzako hajafukiwa naye.

"Nakuja nikupe moja yangu," Zenzi alisema.

"Usije! Wewe mwenyewe umesema mmoja mmoja. Tukikaa wawili hapa tunalivunja."

Zenzi alisita. Walikuwa mbali kiasi cha kutupiana jiwe. "Basi zipashe. Ndani kabisa, kwenye mwili."

Burgi alifungua koti, akainua sweta na fulana, akazibana zile ngozi kwenye tumbo tupu. Baridi ilimuuma mpaka machozi yakamtoka. Akajikumbatia, akangoja. Kutoka magharibi ukungu ulikuwa unajaa bonde, na ukungu ukiwafikia wasingeona hata ncha za skii zao.

"Lakini kwa nini?" Zenzi hakuweza kunyamaza. "Nataka kujua tu. Kama tunakufa, nijue tunakufa kwa ajili ya nini."

"Kwa ajili ya mdomo wako."

"Mdomo wangu? Umefanya nini mdomo wangu?"

"Kileleni. Umenipa mkono wa hongera, umenibusu, halafu ukanipigapiga tumbo juu ya koti, hapo ngozi zilipotuna. 'Makubwa haya! Mungu kakukumbuka uzeeni, miezi minane hiyo!'"

"Ule ulikuwa utani! Ulicheka mwenyewe!"

"Nilicheka. Ulitaka nifanyeje?"

Burgi alizibana zaidi zile ngozi tumboni.

"Watatu, Zenzi. Wote walitoka kabla tumbo halijaonekana. Wa mwisho ni msimu wa baridi uliopita, na asubuhi yake nilikwenda kazini. Nikawapandisha wanao kwenye lifti. Yule mdogo nilimfunga kofia, akanibusu."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wahenga hawakusema utatumbuka wapi, lakini mahali pabaya kuliko pale sidhani kama papo. Zenzi alikuwa ameinamisha kichwa, na huwezi kumkumbatia mtu ambaye ukimkaribia unamuua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe ukipiga chafya unazaa."

Kitu kikamtoka Zenzi, nusu kicheko, nusu kilio. Burgi alipapasa tumboni. Gundi ilikuwa imelainika, inanata kwenye vidole. Alibandika ngozi ya kwanza, ikashika. Ya pili ikashika mbele, nyuma ikakataa, akaifunga kwa mkanda wa begi.

"Tangulia," Zenzi alisema. "Usiinue skii, iburute. Na usiniangalie mimi."

Alitangulia. Aliburuta, akapumua, akaburuta. Katikati ya mteremko ule mkanda uliteleza, mguu wa kulia ukarudi nyuma, akabaki ameegemea fimbo, akimwomba Mama Bikira na kumtukana fundi wa mikanda kwa pumzi moja. Mguu ulitulia. Akaburuta tena, mpaka skii zikakwaruza mwamba uliofagiliwa na upepo. Mwamba mtupu, hapana mahali salama zaidi.

"Njoo!"

Zenzi alianza vizuri, haraka kama kawaida yake. Kisha mlima ukaguna tena, na Zenzi, yeye wa milima, akasimama katikati. Fimbo zilining'inia mikononi.

Burgi aliwaona wengi wa namna hii kwenye lifti. Mtu akishaganda miguu, kumbembeleza ni kumwangusha.

"Kreszenz!" Alimwita kwa jina la ubatizo, kwa ile sauti iliyokuwa ikishinda mashine. "Kichwa juu! Mguu wa kushoto!"

"Siwezi. Dada, nisamehe kwanza."

"Sikusamehe hapo! Panda hapa ndipo nikusamehe! Kushoto, nimesema!"

Mguu wa kushoto ukasogea.

"Kulia!"

Burgi alilala kifudifudi juu ya mwamba, akanyoosha fimbo chini kadiri mkono ulivyofika. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Zenzi akaikosa fimbo mara moja, akaikamata, akavutwa mpaka juu, wakaanguka pamoja skii juu ya skii.

Chini yao mteremko ulikaa kimya, mzima, na kona zao chache zilionekana bado. Upepo ulianza kuzifuta, za chini kwanza. Burgi alikuwa bado ameishika fimbo upande wake, na Zenzi upande wake.