Pete za Galaksi Iliyomezwa

Watu humsifu dada yangu kwa upole. Hawajafanya naye kazi.

Tulikuwa chumba kimoja pale idara ya falaki, meza zimeelekeana, kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo. Yeye mhadhiri, mimi mwanafunzi wake wa uzamivu. Tasnifu yangu yote ilisimama juu ya galaksi moja ya umbo la yai. Nilidai haikuzaliwa hivyo: zamani ilikuwa bapa kama sahani, ikagongana na nyingine ndogo, ikaimeza. Nyota zenyewe hazikugusana, zina nafasi tele. Ila mizunguko yake ilivurugika, kila moja ikashika njia yake, mpaka sahani ikawa yai. Ushahidi ni pete hafifu pembeni, mabaki ya ile ndogo, zilizodokezwa na picha za awali.

Pete hizo huzioni mpaka uondoe mwanga wa anga. Unachagua kipande cha anga tupu, unapima mwanga wake, unautoa kwenye picha nzima.

"Pima hapa," Dada aliniambia usiku wa kuamkia utetezi, tukiandaa picha ya mwisho, kidole juu ya skrini.

"Si karibu mno na galaksi, Dada?"

"We mtoto, nimeanza kazi hii ukiwa bado unanyonya kidole. Pima."

Nikapima, nikahifadhi picha bila kuikagua. Huyu ndiye aliyenisuka nywele miaka yote ya shule, ningemshuku vipi?

Siku ya kutetea tasnifu, jopo liliomba kuziona pete. Nikafungua picha. Yai tupu, laini, halina hata kovu. Pale nilipopimia palikuwa ndani ya pete zenyewe. Nilizifuta kwa mkono wangu.

Mwenyekiti akamgeukia msimamizi wangu. Dada akashusha pumzi kwa huzuni.

"Nimemwambia mara nyingi asione anachotaka kukiona."

Wakaniangusha.

Miezi michache baadaye Dada alipewa uprofesa, akatoa hotuba ukumbi mkubwa. Nilikaa na Mama, kavaa nguo mpya. Kwenye skrini ikatokea galaksi yangu, picha ileile, safari hii anga limepimwa mbali kabisa, kwenye kona. Pete zote zilikuwepo. Ukumbi ukaguna kwa mshangao. Nilimchukia mpaka meno yakaniuma.

"Namshukuru mdogo wangu," akasema kwenye kipaza sauti, sauti ile ya upole. "Kosa lake ndilo lililonionyesha pa kutazama."

Mama akanifinya paja kwa furaha.

"Umesikia? Kakutaja! Piga makofi, mwanangu."

Nikapiga.