Marehemu Anaingia Mtandaoni Kila Siku

Mama Cherehani alimjua karani wa utafiti kwa manukato kabla hajabisha hodi. Miaka mitatu mfululizo alikuwa akimwona dirishani, amekalia benchi la duka la soda ng'ambo ya barabara, manukato yake yakivuka barabara bila yeye, akidonoa kishikwambi chake kama kuku, kisha huyoo, anaondoka. Kuvuka barabara kulimshinda. Na utafiti wenyewe ulikuwa wa kufuatilia nyumba zilezile kila mwaka: nani ana redio, nani ana simu janja, nani anaingia mtandaoni.

Leo alivuka. Msimamizi wake alikuwa nyuma yake akikagua nyumba hadi nyumba, na zisizo na simu janja zingepewa moja kwa masomo ya watoto. Mjukuu wa Mama Cherehani, binti wa darasa la mtihani, alikuwa keshajiweka kitini, daftari mapajani. Masomo yote yaliyotumwa kwa simu aliyanakili jioni kwenye simu za wenzake.

"Shikamoo mama. Mzee hajambo?"

Mama Cherehani akasimamisha cherehani yake. "Mzee yupi?"

"Mkuu wa kaya! Mimi na yeye tunajuana sana." Akapitisha kidole kiooni. "Mwaka jana alikuwa na simu janja, anaingia mtandaoni kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Mzee wa kisasa."

"Basi huko alikolala mtandao hausumbui. Huu mwaka wa tatu tangu tumzike. Na simu yake ilikuwa ya tochi, tena kilichofanya kazi ni hiyo tochi."

Binti akaziba mdomo kwa daftari. Karani akalowa jasho, manukato yakazidi.

"Mama yangu, nisitiri," alinong'ona. "Sema tu simu ya mzee imeharibika mwaka huu. Mimi napona, binti anapata simu. Ukisema vingine nyumba hii inafutwa kwenye orodha, na simu hampati."

Mama Cherehani alimtazama mjukuu wake. Macho ya binti yalikuwa yameshaipokea ile simu.

"Nimtolee marehemu ushahidi wa uongo," akasema taratibu, "kisha jioni nipige magoti mbele ya Mungu? Kwa ajili ya mvivu wa kuvuka barabara?"

Msimamizi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alipoingia alielezwa yote, tangu benchi hadi kaburi. Alimwangalia karani kama mtu aliyekanyaga kitu. Kisha akachukua kishikwambi, akabonyeza mara moja.

"Samahani mama. Kumbukumbu zimeharibika. Nyumba inatoka kwenye utafiti, na simu ni za waliobaki kwenye orodha."

"Nilijua hivyo kabla sijafungua mdomo."

Walipotoka, binti alifunga daftari. Halafu akafuta pua.

"Bibi, na zile soda alizokunywa miaka mitatu, kaandika ni za babu?"

"Hashindwi, yule." Mama Cherehani akaingiza uzi kwenye sindano. "Haya, vaa viatu ukanakili, wenzio hawajalala bado."