Nguruwe wa Veneranda

Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko kwao walipojaa ufukweni Kagunga, mpakani, wakisubiri meli ya kuwaleta Kigoma, na mimi nilikuwepo, nikijifanya mtu wa maana. Nilikuwa bwana mifugo mstaafu, na kule Katonga nilikuwa nimeanzisha makimbilio ya wanyama waliotelekezwa: punda mmoja, mbwa wanne na mbuzi wawili vipofu.

Mama mmoja, Veneranda, alinishika mkono. Alikuwa ametembea siku mbili na nguruwe wake jike, na melini wanyama hawakubaliwi. Tayari kuna watu walikuwa wanamkodolea macho ya kitoweo.

"Ondoa wasiwasi, mama," nilimwambia kwa Kiswahili changu cha chuo. "Nguruwe nimewasomea."

Akaandika namba yangu ya simu, akamnong'oneza nguruwe sikioni, akaenda kupanga foleni bila kugeuka nyuma.

Nguruwe nilimsafirisha kwa boti hadi Katonga. Banda nililijenga mwenyewe: sakafu ya saruji, nyasi kavu, kidirisha, mlango mdogo wa kuzuia upepo. Nguruwe akaligomea. Siku tatu alilala nje kwenye jua, hali, hanywi. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamsomea hata daftari langu la chuo. Akanipa mgongo.

"Labda hakuelewi," alisema mke wangu, Rozalia.

"Nguruwe haelewi lugha, anaelewa utaalamu," nilimjibu.

Siku ya nne nikaamua kumwonyesha mfano. Nikatambaa kuingia bandani. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo la kustaafu likakwama. Wauza dagaa wawili waliokuwa wanapita njiani wakasimama kutazama. Nikaogopa, na katika kuogopa nikasahau kwamba tangu nitoke chuo sikuwa naongea mbele za watu Kiha, lugha yetu ya nyumbani inayosikilizana na Kirundi, nikiona kinanishusha.

"Ngwino, Rozalia! Ngwino hano!" nikamwita aje hapo.

Rozalia alikuwa amekaa chini kwa kucheka. Aliyekuja ni nguruwe. Alikuja mbio akiguna, akanisukuma kwa pua yake makalioni, nikachomoka upande wa ndani kama kizibo. Akanifuata, akajilaza mlangoni, akashusha pumzi ndefu. Nikakaa ndani naye mpaka alasiri, Rozalia akitupitishia viazi dirishani. Nguruwe alikula vyake na vyangu.

Kuanzia hapo nikawa namsemesha Kiha kila asubuhi, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti.

Mwezi wa nane Veneranda akapiga simu kutoka kambini.

"Anakula?" aliuliza, kwa Kiswahili cha kuungaunga.

Nikamjibu kwa Kiha. Nikamsikia akilia na kucheka kwa pamoja.

"Kumbe! Nilidhani wewe ni mtu wa Dar es Salaam."

"Nilitaka udhani hivyo, mama."

Halafu akanigombeza. Alitaka kujua kama nguruwe wake ana tope la kugaagaa. Sikuwa nimefikiria tope hata siku moja. Kesho yake nikashika jembe, nikachimba shimo nyuma ya zizi la mbuzi, kwa vipimo alivyonitajia yeye.