Anayejiweza

Cheruto alipokatwa mguu kwa sababu ya kisukari, daktari alimwonya asikae kitandani, atembee. Akatembea. Mwaka mzima alianguka na kuinuka kwenye tope la Molo hadi akayazoea magongo. Kwa hiyo aliposikia kwamba chakula cha serikali kitagawiwa wasiojiweza, alijikongoja kilomita tatu kwenye baridi, akawa wa kwanza kufika ofisini kwa chifu. Dawa zake hazinywewi tumbo likiwa tupu, naye alikuwa ameshindia chai ya rangi siku mbili.

Naibu wa chifu, Jonah, alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye ule mguu mmoja.

"Mathe, nani amekuleta?"

"Nimejileta."

"Basi unajiweza. Hii chakula ni ya wasiojiweza, wale hawawezi kutoka kwa nyumba."

"Mwezi jana nilituma jirani yangu Mburu, mkasema lazima mwenyewe aonekane."

"Ni lazima. Na wewe umeonekana ukitembea. Mwingine!"

Sasa mtu akikujibu hivyo utamfanya nini? Kiswahili chetu nacho kina balaa lake: mwenye mali anajiweza, na anayesimama mwenyewe anajiweza. Jonah alizikoroga maana zote mbili katika sufuria moja, na Cheruto akarudi nyumbani mikono mitupu. Wiki hiyo alizirai jikoni mara mbili, na ilimuuma kwamba kosa lake lilikuwa kumtii daktari.

Siku ya mgao uliofuata, jirani yake Mburu alikuja na mkokoteni wa kubebea viazi. Cheruto alikataa, akatukana, akalia. Kisha akapanda. Magongo wakayaacha nyumbani.

"Ulale kabisa," Mburu akamwambia. "Na ukisalimiwa, usichangamke."

Jonah alimtambua mara moja. Hakuona haya hata kidogo. Alifurahi, akamwita mtu wa picha.

"Unaona sasa, mathe? Si ungekuja hivi tangu mwanzo!"

Akawekewa gunia dogo la mahindi na maharagwe kifuani, akapigwa picha, akaambiwa asitabasamu. Aibu ilimchoma kuliko njaa.

Walipotoka langoni gurudumu likazama kwenye tope. Mburu alisukuma hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

"Shuka kidogo tu, Mama. Ushike hapa ukingoni, usimame."

Cheruto aligeuza kichwa. Jonah alikuwa bado mlangoni, anawatazama.

"Siwezi," akasema.