Vibao Vya Foleni Ofisini Kwa Sauti

Jumatatu saa mbili asubuhi karani wa mapokezi alitundika vibao vya namba kwenye misumari yake, moja hadi hamsini. Alivikata mwenyewe kutoka kwenye mabango ya kampeni, kwa hiyo nyuma ya kila kibao kulikuwa na kipande cha uso wa Mheshimiwa mbunge: hapa sikio, pale nusu ya shavu. Mgeni huchukua kibao, husubiri, na akishahudumiwa hukirudisha.

Wafu walianza kuja wiki ya tatu ya vita vya ng'ambo ya mpaka. Walijipangusa vumbi mlangoni, wakachukua namba na kukaa kwenye mabenchi. Katika daftari la wageni, penye "sababu ya kuja", wote waliandika neno moja: Aseme.

Mheshimiwa walimwita Sauti. Enzi zile alipanda juu ya pipa sokoni na kuwatetea watu asiowajua hata kwa sura, akawekwa ndani mara nne. Karani ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula rumande. Alimwamini mtu yule kuliko alivyowaamini ndugu zake.

Jumatatu hiyo namba thelathini na nane ilichukuliwa na dada yake karani, aliyekuwa ameolewa huko ng'ambo.

"Hata wewe, dada?"

"Hata mimi. Tangu Alhamisi." Alikaa akapanga kanga yake magotini. "Usilie, utalowesha daftari. Sikuja kwa ajili yangu. Mwanangu bado mzima, amejificha chini ya ngazi. Mabomu yanatoka hapa kwenu. Bosi wako akisema yasipelekwe, huenda mtoto akapona."

Karani aliingia ndani bila kubisha. Mheshimiwa alikuwa anasahihisha tamko lake kwa mara ya kumi na moja. La kwanza karani alilichapa mwenyewe, nalo lilisema: Silaha zisiende. La tano lilisema silaha zitumike kwa uangalifu. Hili la sasa halikuwa na silaha kabisa.

"Kaka, dada yangu yuko nje. Anasema mtoto bado yu hai."

"Mdogo wangu, unadhani sioni?" Macho yake yalikuwa mekundu, na machozi yalikuwa ya kweli. "Nusu ya wapiga kura wanavitaka vita hivi. Nikitamka hilo leo, chama kitanitema. Tungoje kikao cha Ijumaa. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu za nani, kaka?"

Mheshimiwa aliinuka. Alitoka akawasalimia wafu mmoja mmoja kwa mikono miwili, akiwaambia, "Tuko pamoja." Kwa hilo, jamani, hana mpinzani. Alirudi na vumbi hadi kwenye viwiko, akanawa.

Ijumaa alisoma tamko redioni. Alisikitishwa na hali, na alikuwa anaifuatilia kwa karibu. Wanaovitaka vita walipiga makofi, wasiovitaka nao wakapiga, kila upande ukiamini ni wake. Karani alizima redio katikati ya makofi.

Jumatatu iliyofuata misumari yote ilikuwa mitupu, maana wafu hawakurudisha vibao. Hakuna aliyekuwa amehudumiwa. Saa nne akaingia mtoto wa kike wa miaka saba, kiatu mguu mmoja, vumbi kwenye kope. Dada yake karani alimtazama tu, kisha akasogea kumwachia nafasi kwenye benchi.

Karani alishika mkasi. Alikata kipande cha mwisho cha bango la mwisho, akaandika hamsini na moja, akampa.

Mtoto alikigeuza kibao.

"Mama mdogo, huu mdomo wa nani?"

"Wa Mheshimiwa."

"Unasema nini?"

"Kaa na mama yako," karani alisema. "Mheshimiwa atatoka sasa hivi."

Na kweli alitoka. Aliinama, akamshika mtoto mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia wako pamoja. Kisha akamwagiza karani aombe mabenchi mengine mawili.