Glasi Tatu za Bia ya Lorna

Kila asubuhi, kabla ya kupika kahawa, Tova Haugen alikuwa akishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba akiwa na soksi tu miguuni, akazipapasa chupa za bia aliyoipika mwenyewe kama mtu anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa. Akizikuta baridi mno, alizifunika kwa blanketi kuukuu la marehemu mama yake, bia isiache kuchachuka. Asubuhi hiyo hakuwa amemaliza hata kreti ya kwanza aliposikia kinu cha mkono kikianza kusaga nyuma ya tangi la maji moto.

Alikuwa baba yake, Verlyn, amekaa juu ya ndoo, anasaga kimea.

"Unafanya nini, baba?"

"Napika upya," alisema bila kugeuka. "Ile yako haijafika."

Tova aliirudisha chupa kretini. Haijafika vipi, na jana tu mzee huyuhuyu alimpa hongera?

Bia yenyewe iliitwa Taa ya Theluji, bia nyeusi ya Desemba, yenye kungumanga na maganda ya chungwa. Mama yake, Lorna, aliinunua kila mwaka theluji ya kwanza ilipoanguka mjini kwao, Duluth. Kiwanda kiliacha kuipika mwaka uleule aliofariki, zikabaki chupa chache rafuni. Tova alipopata kazi ya ualimu katika jimbo la mbali la Arizona, alimwahidi baba yake kwamba hataondoka mpaka waweze kuipika wenyewe. Sasa shule ilitaka jibu kabla ya wiki kwisha.

Katika chama chao cha wapika bia, neno la mtu halikubaliki bila glasi tatu: mbili za bia moja, ya tatu ya bia nyingine, majina yamebandikwa chini ya glasi, na mwonjaji aitafute iliyo ngeni; akikosea, bia hizo zahesabiwa kuwa sawa. Verlyn alikuwa amehukumu bia za majira ya baridi kwa miaka mingi, na hakuna aliyekumbuka siku aliyokosea. Jana, mbili zikiwa za Tova na moja ya kiwandani, alinusa, akaonja, akaweka kidole juu ya glasi mojawapo ya Tova. Akasema hii ndiyo ya kiwandani. Akamkumbatia bintiye, akamwambia basi, afunge mizigo.

Ulimi wa Tova mwenyewe ulikuwa umesikia tofauti. Lakini yeye alikuwa nani mbele ya ulimi wa Verlyn Haugen? Aliamua kumwamini, akafurahi.

Walipokuwa wakinywa kahawa alimuuliza bia imepungukiwa nini. Kwanza mzee alisema kungumanga imezidi. Kikombe kilipofika nusu, ikawa utamu hautoshi. Kilipokwisha, kimea kilikuwa kimeungua. Tova aliwaza kama alichanganya vile vibandiko, au kama mzee ana mafua, au kama uzee ndio umeanza hivi. Kila jibu alilolishika lilimponyoka.

Akavaa buti, akachukua chupa moja yake na ile ya mwisho ya kiwandani, akavuka barabara kwa Mzee Lowell, mwanachama mwenzao, aliyekuwa akiondoa theluji mlangoni kwa koleo.

"Bia saa hizi, binti? Hata mimi naona haya kidogo," alisema Lowell, na tayari alikuwa anavua glavu.

Alionja zote mbili akiwa amesimama gerejini. Akamweleza kwamba ile ya kiwandani imezeeka chupani, ina ladha ya zabibu kavu na karatasi iliyolowa. Ya Tova ndiyo iliyo kama Taa ya Theluji ilipotoka dukani ikiwa mpya, ile hasa aliyoinywa Lorna.

"Hazifanani hata kidogo. Hata mbwa wangu angezitofautisha."

"Jana baba alishindwa kuzitofautisha."

Lowell alicheka, kisha akaacha kucheka. "Verlyn? Hapana, mama. Hilo hawezi kushindwa."

Tova alivuka barabara polepole. Kama hakushindwa, basi alidanganya. Na kama alidanganya ili amwachilie aende, kinu cha nini tena asubuhi hii?

Alimkuta palepale juu ya ndoo. Kinu kimenyamaza, na kimea kilichosagwa hakijazi hata kiganja. Tova akaketi kwenye ngazi, akamwambia kwamba Mzee Lowell ameonja.

Verlyn alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Akaanza kueleza habari za maji ya ziwani wanayopikia, kwamba mwaka huu si mazuri kwa bia nyeusi. Katikati ya sentensi akakoma.

"Jana nilizijua kabla hata sijaonja," alisema. "Nilitaja yako makusudi, ili uende. Leo nimeshuka kuchukua balbu, nikasikia soksi zako kwenye ngazi. Mkono ukakimbilia kinu, sijui hata kwa nini." Akavaa miwani. "Nataka uende, mwanangu. Na nataka ubaki. Nayataka yote mawili."