Mto wa Kukalia, Safu ya Kumi na Nne

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Marehemu mume wangu, Harlan, alikuwa akisema nikipandisha mori hata mbwa wa jirani anatafuta uvungu. Kwa hiyo Jumamosi ile Nyati wetu, timu ya futiboli ya chuo chetu, walipofungwa nyumbani, mbele ya watu elfu tisa, na chuo ambacho hata bendi hakina, sikungoja kufika kwangu. Niliingia kwenye gari, nikapandisha vioo, nikapiga simu redioni.

Hapa mjini Harnet kila mechi ya futiboli ikiisha, ile ya Kimarekani ya kubeba mpira mikononi na kugongana, kuna kipindi cha mashabiki. Watu wanapiga simu wakilia, wanamlaani refa, wanamfukuza kazi kocha mara saba kwa msimu. Mtangazaji, Skip Dunmore, anatupenda tukiwa tumechemka. Mimi ananiita Nelda wa Safu ya Kumi na Nne. Nilipika jikoni mwa shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo nusu ya mji huu wamekula maharage yangu, na nusu iliyobaki wamenisikia redioni.

"Nelda!" Skip akafurahi. "Haya, leo wape vidonge vyao."

"Skip, usinichekee, sina meno ya kucheka leo. Vijana wetu wanasukumwa kama matoroli ya sokoni! Unajua kwa nini? Ukumbi wao wa mazoezi ulijengwa Harlan wangu akiwa bado na nywele. Wenzetu wana kocha wa miguu, kocha wa mabega, sijui na kocha wa kupumua. Sisi tuna nini? Tuna mieleka! Vijana ishirini na wanane wanabingirishana kwenye mkeka, wanatazamwa na mama zao tu. Ifuteni hiyo mieleka, fedha zipeni futiboli. Huwezi kumnenepesha paka na ng'ombe wa maziwa amekonda!"

Skip alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikakata simu nikiwa mwepesi, kama mtu aliyekwisha tapika. Nilifika nyumbani, nikaweka maji ya kahawa jikoni, ndipo nikakumbuka kwamba nimeusahau mto wa Harlan.

Ni mto wa kukalia tu, wa kijani, umezibwa pembeni kwa utepe wa gundi. Harlan aliukalia miaka thelathini na minne, akafa, na mimi nikaendelea kulipia viti viwili. Naulaza kwenye kiti chake ili mtu asije akakaa. Najua ni upuuzi. Lakini kuna wanawake wanaohifadhi majivu ya waume zao juu ya friji, na hakuna anayewasema.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, nikaenda uwanjani hata kabla ya kanisa. Nilikuta lango wazi. Juu, katika safu zote, kulikuwa na vijana waliovaa masweta ya kijivu, wameinama, wanaokota. Vikombe, maganda ya karanga, mifupa ya kuku, karatasi za soseji. Wengine wanafagia, wengine wanaburuta mifuko myeusi inayowazidi kimo. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia harusi ya wenyewe.

"Bi Nelda," mtu akaita. "Nilijua utakuja. Jana uliondoka kama moto."

Alikuwa Orrin Tibbet, kocha wa mieleka. Mtu mfupi, masikio yake yameviringika kama maandazi kwa kupigwapigwa ujanani. Ameshika mfuko wa takataka mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika mto wa Harlan.

"Umejuaje kwamba ni wangu?"

"Huu? Tumeshauokota mara ngapi! Mara sita, labda saba. Ukiusahau, vijana wanaurudisha chini ya kiti, wanaufunga kwenye chuma ili upepo usiuchukue. Leo tu kamba imekatika."

Jamani. Miaka minne yote nilidhani ni mimi mwenyewe ndiye ninayeufunga. Kila nikiukuta pale mechi inayofuata nilijisifu: Nelda, kichwa chako bado kinafanya kazi. Kumbe.

"Na nyie mnafanya nini hapa?" nikauliza, ingawa nilikuwa naona.

"Tunasafisha. Kila baada ya mechi ya futiboli. Idara ya michezo inatupa kitu kidogo, ndiyo nauli yetu ya basi kwenda mashindanoni."

"Kocha, jana jioni ulisikiliza redio?"

Akatazama ndani ya mfuko wake wa takataka kama amedondosha kitu humo. "Siku za mechi sisikilizi redio, Bi Nelda," akasema. "Chukua mto wako. Una unyevu kidogo, uanike."

Alikuwa amesikia. Na vijana wale walikuwa wamesikia, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeinua uso. Niliona aibu iliyonifika mpaka kwenye magoti.

Alhamisi ikaja barua kwa kila aliyelipia kiti cha msimu mzima. Imeandikwa na Bwana Whitfield, mkuu wa idara ya michezo, kijana wa meno meupe aliyetujia mwaka juzi. Ilisema mashabiki wametoa sauti yao. Ilisema chuo kinapendekeza kufuta timu ya mieleka mwisho wa mwaka wa masomo na kujenga ukumbi mpya wa futiboli, na kwamba bodi itaamua Jumanne hadharani. Na pale juu kabisa, kwa herufi nene: "Huwezi kumnenepesha paka na ng'ombe wa maziwa amekonda. Shabiki wa miaka mingi, Safu ya 14."

Nilikaa chini na barua mapajani. Ulimi hauna mfupa, mama yangu alikuwa akisema, na mimi nilikuwa namjibu kwamba ndiyo maana unanifaa. Timu ya watu ishirini na wanane, na kazi ya mtu aliyoifanya miaka ishirini na miwili, zilikuwa zinakwenda kuchinjwa kwa kisu chenye jina langu.

Jumamosi tulikuwa tena kwenye maegesho ya magari, nje ya uwanja wa mpira. Huko ndiko mji wetu unakoishi kila msimu wa futiboli: tunafungua milango ya nyuma ya magari, tunachoma soseji, tunabishana mpaka mechi ianze. Jirani yangu wa maegesho ni Duane Pruitt, fundi bomba, mtu mwenye tumbo la heshima na moyo mkubwa kuliko tumbo. Alinipokea akiwa amevaa fulana mpya ya manjano. Kifuani imechorwa ng'ombe amekonda na paka mnene.

"Nimechapisha arobaini," akasema, mate yanamtoka kwa furaha. "Umekuwa maarufu, bibi wewe! Hii ya kwako, saizi ya kati."

"Duane, ivue hiyo takataka."

"Ala! Si maneno yako?"

"Ni yangu. Nimeyakataa."

Watu wakasogea. Kwetu ukitaka kusikilizwa na watu ishirini, bishana na Duane. Mmoja akasema miaka kumi na mmoja hatujaitwa kwenye mechi ya Desemba, ile ya timu bora, na sababu ni ukumbi. Mwingine akasema sababu ni kocha, hata umjengee ikulu. Mke wa daktari wa meno akasema mieleka mwaka jana walishika nafasi ya pili mkoa mzima. "Nani aliwaona?" mtu akamrukia. "Wewe uliwaona?" Mama wa watu akakiri kwamba hakuwaona, alisoma gazetini.

Nikawaambia habari za takataka. Nikawaambia nani anaokota vikombe vyao. Duane akageuza soseji zake polepole.

"Sikiliza, Bi Nelda," akasema, na sasa hakuwa akitania. "Mimi sina ugomvi na Orrin. Ni mtu mzuri. Lakini kiwanda cha vioo kimefungwa. Duka la Miller limefungwa. Watoto wangu wote wawili wamehamia mbali. Siku sita kwa mwaka watu elfu tisa wa mji huu wanasimama pamoja kwa kitu kimoja. Futiboli ikifa, tutasimama pamoja kwa nini? Kwa mazishi?"

Alikuwa amesema kweli. Mimi nalipia kiti cha maiti kwa sababu hiyo hiyo. Nikala soseji yake, nikaichukia, nikala ya pili.

Mechi tukafungwa tena. Jioni nikampigia Skip.

"Nelda! Leo unachinja nani?"

"Nafuta maneno yangu ya wiki iliyopita, Skip. Nilikosea. Wale vijana wa mieleka wawaacheni. Tafuteni fedha kwingine. Anzeni na zile fataki za kila goli, maana tukifunga mara moja kwa mwezi tunatishia ndege tu."

Akacheka kicheko cha kazini. "Nelda umelala vibaya, mama! Watu wanamtaka Nelda wetu wa siku zote. Tuna matangazo ya matairi, tutarudi."

Simu ikakatwa. Basi hapo nikaelewa kitu ambacho mtu wa umri wangu alipaswa kuwa amekielewa zamani: sauti ya shabiki ni tamu kwao ikisema wanachotaka kusikia.

Jumanne ukumbi wa mkutano wa bodi ulijaa. Kila mtu dakika mbili. Vijana wa mieleka walikaa safu ya nyuma na yale masweta yao ya kijivu, Kocha Orrin katikati yao, mikono magotini. Jina langu lilipoitwa, Bwana Whitfield akasimama kunipisha kwenye kipaza sauti. "Huyu ndiye mama aliyetuonyesha njia," akasema, na watu wakanipigia makofi kabla sijafungua mdomo. Fulana za manjano nilizihesabu, nikaacha zilipofika kumi na tano.

"Msinipigie makofi," nikasema. "Mimi nilisema neno la hasira ndani ya gari, mkalifanya sera. Nilisema hakuna anayewatazama vijana hawa. Kweli, mimi sikuwatazama. Miaka minne wamekuwa wakiinama chini ya kiti changu, wakiokota uchafu wangu, wakimtunzia marehemu mume wangu mto wake, na mimi sikuwahi kujiuliza ni nani. Nataka ukumbi mpya kama Duane anavyoutaka. Nataka kushinda kabla sijafa! Lakini siutaki kwa njia hii. Kama mnahitaji maneno yangu kuandika kwenye barua, andikeni haya."

Baadhi wakapiga makofi. Duane akaitazama fulana yake. Bwana Whitfield akanishukuru kwa mapenzi yangu makubwa kwa chuo, kisha akasema, kwa ule upole wake wa meno meupe, kwamba mashabiki wasiwe na wasiwasi kuhusu usafi, kwa kuwa kuanzia msimu ujao kampuni ya kisasa itashughulika nao. Watu wakacheka, wakapumua. Bodi ikapiga kura. Saba kwa wawili, mieleka ikafutwa.

Nilimkuta Orrin mlangoni. Nilikuwa nalia, na mimi nikilia nakuwa mbaya.

"Kocha, mimi ndiye niliyewaua."

"Hapana, Bi Nelda." Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Walishaamua tangu kabla ya kiangazi. Walikuwa wanatafuta tu mtu wa kuyasema."

Najua alitaka kunipoza. Lakini nimegeuza maneno hayo kichwani usiku na mchana, na sijawahi kuupata ubaridi wake. Walitafuta mtu katika mji mzima, na wakanipata mimi, kwa sababu walijua nitasema.

Orrin alihama na mkewe mwezi wa sita, akaenda kufundisha sekondari huko magharibi.

Septemba msimu ukaanza. Nyuma ya goli la kaskazini nguzo za ukumbi mpya zilikuwa zimeshasimama. Nilijiambia siendi. Nikaenda. Na Nyati wakacheza siku ile, Mungu wangu, wakacheza kama tulivyokuwa tukiota! Thelathini na moja kwa kumi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaniishia, nikamkumbatia Duane, nikakumbatia watu nisiowajua, tukashuka ngazi tukiimba wimbo wa chuo. Sina haya kusema kwamba nilikuwa na furaha. Nilifika nyumbani, nikaweka maji ya kahawa jikoni, ndipo nikakumbuka mto.

Jumapili asubuhi lango lilikuwa wazi. Wanaume wawili wa kampuni walikuwa wakikunja mipira ya maji, mgongoni wamebeba mashine za kupuliza upepo.

"Mto wa kijani," nikawaambia. "Una utepe pembeni."

Mmoja akazima mashine yake, akafikiri kwa adabu. "Mama, sisi kila kitu tunapuliza chini, kinaingia kwenye gari la taka. Limeondoka tangu saa kumi na mbili. Ulikuwa wa bei?"

"Hapana," nikasema.

Nikapanda hadi safu ya kumi na nne. Hapakuwa na ganda la karanga, hapakuwa na kikombe, hata yale madoa ya soda ya miaka yote yalikuwa yameoshwa. Nimekaa pale miaka thelathini na minane na sijawahi kuiona safu ile ikiwa safi namna hiyo. Nikakaa kwenye kiti changu, nikaweka mkono juu ya kile cha Harlan. Bati la kiti lilikuwa bado na maji.